Nina pasipoti ya Tanzania na nakaa Uingereza: mbona wananiita kupiga kura?

*"Shikamoo wakili. Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Tanga, huu ni mwaka wangu wa tatu hapa Leicester. Nipo kwa viza ya kazi, nalea wazee. Nyumba tumepanga watatu: mimi, dada mmoja wa Kenya mwenye ukaazi wa kudumu, na kijana wa Burundi ambaye naye ana viza ya kazi. Imekuja barua ya halmashauri inataka majina ya wote tunaokaa hapa, kwa ajili ya daftari la wapiga kura, na chini wameandika habari za faini. Dada wa Kenya ananiambia nijiandikishe tu, yeye alipiga kura Julai 2024. Kaka yangu yuko Ohio. Nilipompigia alinifokea kwamba mgeni akigusa karatasi ya kura anafukuzwa nchini na harudi tena. Mzee mmoja msikitini naye kaniambia nikipiga kura huku nitakuwa nimeukana Utanzania. Barua ina wiki mbili juu ya friji. Nifanye nini? Na huyu Mrundi naye?"*

Marahaba, mwanangu. Iteremshe hiyo barua leo, kwa sababu kati ya mambo yote uliyoyataja, kuiacha juu ya friji ndilo pekee linaloweza kukutia matatani.

Nikujibu kwanza, maelezo yafuate. Dada wa Kenya yuko sahihi: wewe, kwa pasipoti yako ya Tanzania na viza yako ya kazi, una haki kamili ya kujiandikisha na kupiga kura Uingereza. Si kura ya diwani peke yake. Hata ya mbunge, katika uchaguzi mkuu unaoamua nani awe waziri mkuu. Kaka yako naye yuko sahihi, ila sheria anayoisema ni ya Marekani, nawe huishi Marekani. Mzee wa msikitini amekosea, ingawa naelewa alikolitoa. Kijana wa Burundi hana haki hiyo kwa hapo mlipo.

Naona jambo lililokutisha hasa. Sisi tumekua tukijua kwamba kura na uraia ni kitu kimoja. Ibara ya 5 ya Katiba yetu inasema ni raia wa Tanzania aliyetimiza miaka 18 ndiye mwenye haki ya kupiga kura. Mwingereza anaweza kukaa Oysterbay miaka thelathini, akalipa kodi, akaongea Kiswahili cha kuwatania wauza samaki wa Feri, na siku ya uchaguzi akabaki nyumbani kwake kama mtalii. Ukiwa umelelewa na sheria ya namna hiyo, kisha halmashauri ya ugenini ikuandikie "tupe jina lako tukuingize kwenye daftari", lazima uhisi kuna mtego.

Hakuna mtego. Kuna historia, na ina kichekesho chake.

Sheria inayotawala uchaguzi wa Uingereza ni ya mwaka 1983, Sheria ya Uwakilishi wa Wananchi. Ukiifungua kutafuta nani anayeruhusiwa kumchagua mbunge, hukuti pameandikwa "raia wa Uingereza". Pameandikwa raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola, au raia wa Jamhuri ya Ireland. Mwingereza mwenyewe anaingia kwa mlango huohuo, maana kisheria naye ni raia wa Jumuiya ya Madola. Kwa hiyo ukifika kituoni hujaomba upendeleo wa mgeni. Umeingia kwa neno lilelile la sheria lililomwingiza jirani yako aliyezaliwa Leicester na babu yake akazaliwa Leicester.

Neno hilo lilitoka kwenye dola. Sheria ya mwaka 1918 ilisema anayepiga kura ni raiya wa Mfalme wa Uingereza, yaani mtu aliye chini ya utawala wake, na wakati huo raiya wa Mfalme walikuwa wametapakaa duniani: Jamaika, Bara Hindi, Australia. Aliyetoka huko akahamia London alipiga kura kama Mlondon. Mwaka 1948, nchi za dola hiyo zilipoanza kuwa na uraia wao wenyewe, Bunge la Uingereza liliamua kwamba "raiya wa Uingereza" na "raia wa Jumuiya ya Madola" ni maneno mawili ya mtu mmoja. Nchi zikapata uhuru, majina yakabadilika, haki ikabaki.

Kichekesho chenyewe ni hiki. Tanganyika haikuwa koloni kamili. Ilikuwa nchi ya udhamini, na Zanzibar ilikuwa nchi ya himaya. Mtanganyika wa miaka ya 1950 hakuhesabiwa kuwa raiya wa Mfalme. Aliitwa "mtu aliye chini ya ulinzi wa Uingereza", hali iliyomnyima mambo mengi, kura ikiwemo. Tulipopandisha bendera yetu tarehe 9 Desemba 1961 na kuingia Jumuiya ya Madola, ndipo Mtanganyika aliyekuwa akiishi Uingereza alipopata haki ya kumchagua mbunge wa kule. Alipokuwa anatawaliwa hakuwa nayo, alipojitawala akaipata. Ukisikia mtu anasema kura hii ni makombo ya ukoloni, kwa Mkenya aliyezaliwa ndani ya koloni hoja hiyo ina mashiko kidogo. Kwa Mtanzania, kilichomletea ni Uhuru.

Baada ya hapo Uingereza ilianza kubana mlango wa kuingilia. Sheria za uhamiaji za mwaka 1962 na 1968 zililetwa kuwazuia watu wa Madola wasije kwa wingi, ile ya 1968 ikiwalenga hasa Wahindi wa Kenya. Mjini kwako hapo Leicester historia hiyo unaipita kila siku: tembea Belgrave Road na utakutana na wazee wa Kigujarati waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, na baadhi yao ukiwaambia "habari za asubuhi" wataitikia bila kufikiri. Lakini walipobana kuingia, hawakugusa kura ya aliyekwisha kuingia. Mwaka 2008 Lord Goldsmith, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Uingereza, alipendekeza haki hii iondolewe taratibu na kura ya mbunge ibaki kwa raia wa Uingereza na Waireland. Pendekezo hilo halikufanywa sheria. Siwezi kukuahidi kwamba Bunge halitalirudia siku moja, kwa sababu haki iliyotolewa na sheria ya kawaida huondolewa na sheria ya kawaida. Lakini leo ipo.

Sasa tutazame kama wewe umetimiza masharti. Pasipoti ya nchi ya Madola unayo. Unaishi kwenye anwani halisi, si mpita njia wa wiki mbili. Umri wa miaka 18 umepita. Lililobaki ni lile lililotiwa mkazo mwaka 2000: uwe na ruhusa halali ya kuwepo nchini. Watu wengi hukosea hapa kwa kudhani inatakiwa ukaazi wa kudumu. Sivyo. Sheria inasema ruhusa "ya aina yoyote". Mwanafunzi anayo, mfanyakazi anayo, aliyemfuata mwenzi wake anayo. Hata ukiwa umetuma maombi ya kuongeza viza kabla ya ile ya zamani kwisha, na Wizara ya Mambo ya Ndani bado inakaa juu ya faili lako, sheria inaihesabu ruhusa ya zamani kuwa inaendelea mpaka uamuzi utoke.

Nasisitiza hili kwa sababu ninyi wa viza za kazi mnaishi roho juu. Mwajiri akinyang'anywa leseni ya kuajiri wageni, mnapewa barua ya kufupishiwa muda, kwa kawaida siku 60 za kutafuta mwajiri mwingine. Ndani ya siku hizo bado una ruhusa. Ila siku ruhusa ikiisha kabisa na hakuna maombi yanayosubiri, haki ya kura nayo imekwisha. Kwa hiyo kwa yeyote anayesoma hapa ambaye viza yake ilikwisha muda mrefu na anaishi kimyakimya: usijiandikishe. Msajili wa wapiga kura anaweza kuuliza hali yako Wizara ya Mambo ya Ndani, na kutoa taarifa za uongo kwenye fomu hiyo ni kosa la jinai. Kwako kinachohitajika kwanza ni mwanasheria wa uhamiaji.

Jingine linalozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp: eti viza imeandikwa "hakuna fedha za umma", basi kujiandikisha kupiga kura ni kula fedha za umma. Fedha za umma zilizotajwa pale ni posho za serikali, msaada wa kodi ya nyumba na mambo ya namna hiyo. Daftari la wapiga kura halimo. Hutaulizwa kwa nini ulipiga kura utakapoomba ukaazi wa kudumu, wala hakuna afisa atakayekukata alama kwa kutumia haki uliyopewa na sheria yao wenyewe.

Na yule Mrundi? Hapa unaona jinsi sheria isivyofuata mantiki ya damu wala ya ramani. Rwanda na Burundi zilitawaliwa pamoja na Wabelgiji. Hazikuwa nchi za kutawaliwa na Uingereza. Lakini Rwanda iliingia Jumuiya ya Madola mwaka 2009, Burundi haimo. Basi Mnyarwanda wa Leicester anamchagua mbunge, Mrundi wa chumba cha pili hamchagui. Mkongo naye hayumo. Mtu wa Msumbiji yumo tangu 1995, ingawa walitawaliwa na Mreno. Binamu yako wa Zanzibar aliyechukua pasipoti ya Oman hayumo. Kinachotazamwa ni orodha ya nchi, basi. Na Mzimbabwe, ambaye nchi yake ilijitoa Madola mwaka 2003, bado anapiga kura, kwa sababu waandishi wa sheria hawakuifuta Zimbabwe kwenye orodha.

Mwambie kijana asikate tamaa moja kwa moja. Akihamia Glasgow au Cardiff mambo yanabadilika: tangu mwaka 2020 Scotland na Wales zimewaruhusu wageni wa nchi yoyote wenye ruhusa halali kuchagua mabunge yao ya ndani, na kwenye halmashauri za huko pia wanapiga kura, kuanzia umri wa miaka 16. Kwenye uchaguzi wa Bunge kuu la Uingereza, lililoko London, hata huko hatapata kura. Lakini kwa Leicester, asijiandikishe kwa ajili ya kufuata mkumbo wa nyumba. Na wewe usimjazie ombi hilo la kujiandikisha.

Twende Ohio. Kaka yako hakukufokea bure, anaishi kwenye nchi yenye sheria kali. Mwaka 1996 Marekani ilifanya kuwa kosa la jinai kwa asiye raia kupiga kura katika uchaguzi wa kitaifa: faini, au kifungo cha hadi mwaka mmoja, na juu yake anaweza kuondolewa nchini, hata mwenye Green Card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu. Akiwa amedai kwa uongo kwamba ni raia, mlango wa kurudi unaweza kufungwa maisha. Zipo halmashauri chache, kama Takoma Park kule Maryland, zinazowaruhusu wageni kwenye kura za mji tu. Haikuwa hivyo daima. Karne ya 19 majimbo mengi ya Marekani yaliwaruhusu wahamiaji kupiga kura hata kabla ya uraia, na la mwisho kuachana na utaratibu huo lilikuwa Arkansas, mwaka 1926. Kaka yako anaishi kwenye matokeo ya mabadiliko hayo, wewe unaishi kwenye matokeo ya historia nyingine. Kosa lake ni kuichukua sheria ya kule akakuvisha wewe, kama mtu anayekukataza kuendesha gari upande wa kushoto kwa sababu yeye huko angegongwa.

Wala Uingereza si kiroja peke yake duniani. New Zealand inawaruhusu wakaazi wa kudumu wa uraia wowote baada ya kukaa mwaka mmoja. Uruguay inataka miaka kumi na tano. Karibu kabisa na kwetu, ng'ambo tu ya mto Songwe, katiba ya Malawi inampa kura asiye raia aliyeishi nchini humo miaka saba. Mnyakyusa mwenye duka Karonga kwa miaka kumi ana haki ambayo Mmalawi mwenye duka Kyela hana. Sijui kama wenye maduka wote wanalijua hilo.

Kuhusu mzee wa msikitini. Anachokumbuka ni kweli ila kimekaa mahali pasipo pake: Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na ukichukua uraia wa Uingereza, wa Tanzania unaondoka. Lakini kupiga kura hakukupi uraia wa Uingereza, hata chembe. Kinyume chake, unapiga kura *kwa sababu* wewe ni Mtanzania. Kwenye fomu watakuuliza uraia wako nawe utaandika "Tanzania"; ungekuwa umeukana, fomu hiyohiyo ingekukataa. Ndiyo maana naliona jambo hili kuwa kinyume cha kuasi: ni moja ya sehemu chache ambapo pasipoti yetu, inayotupotezea saa nzima kwenye madirisha ya balozi, inafungua mlango yenyewe.

Uchungu upo upande wa pili. Kura yako ya nyumbani huwezi kuipiga ukiwa Leicester. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura la Tanzania linakutaka ujiandikishe na upige kura ndani ya nchi. Dada wa Kenya mwenzako katika hili yuko mbele: tangu 2013 Kenya imeanza kuwaandikisha raia wake walio nje, kwanza Afrika Mashariki, na mwaka 2022 Uingereza iliongezwa, ingawa wanamchagua rais tu. Yeye aliweza kumchagua rais wa Kenya akiwa London na mbunge wa Leicester akiwa Leicester, bila kuvunja sheria ya mahali popote. Wewe kwa sasa unayo hii moja tu.

Sasa barua. Nataka uielewe kabla hujaijaza. Kila mwaka, kuanzia majira ya joto hadi mwishoni mwa vuli, halmashauri huhakiki nyumba zote na kulitoa daftari jipya ifikapo Desemba mosi. Ni kama mjumbe wa nyumba kumi akipita kuuliza nani kahamia, ila mjumbe huyu anapita kwa posta. Baadhi ya barua hizi zinasema wazi kwamba kama hakuna kilichobadilika huna haja ya kujibu. Nyingine lazima zijibiwe, na hizo ndizo zenye onyo la faini, inayoweza kufika pauni 1,000. Yako kwa maelezo yako ni ya aina hiyo. Atakayejibu ni mmoja wenu kwa niaba ya nyumba, kwa simu, mtandaoni au kwa kurudisha karatasi. Semeni ukweli kuhusu wote watatu, pamoja na uraia wa kila mmoja.

Kutajwa kwenye fomu ya nyumba hakujakuandikisha. Hapo ndipo watu huachwa njiani. Baada yake kila mwenye sifa anatakiwa aombe mwenyewe, kwenye tovuti ya serikali GOV.UK, kazi ya dakika tano: jina, anwani, tarehe ya kuzaliwa, uraia, na namba ya bima ya taifa, ileile iliyo kwenye hati yako ya mshahara. Andika majina kama yalivyo kwenye pasipoti. Wewe una majina matatu na pengine kazini wanakuita kwa la katikati. Usiandike la kazini. Halmashauri ikikutaka rasmi ujiandikishe ukakaidi, kuna faini yake, pauni 80. Kupiga kura kwenyewe hakuna anayekulazimisha. Kuwemo daftarini ni wajibu, kwenda kituoni ni hiari yako.

Daftari hufungwa siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Hutapewa kadi ya plastiki kama zetu. Utaletewa kwa posta karatasi inayokuambia kituo chako kiko wapi, na hata ukiipoteza utapiga kura. Kitambulisho chenye picha ndicho usichoweza kukosa; sharti hilo limeanza mwaka 2023, na kwenye uchaguzi mkuu lilitumika mara ya kwanza tarehe 4 Julai 2024. Pasipoti ya nchi yoyote ya Madola inakubaliwa, ya kwako ikiwemo. Karani kijana anaweza kuitazama kwa mshangao kidogo. Mwombe kwa upole aangalie orodha yake, imo. Kadi ya ukaazi ya BRP inafaa pia, hata kama muda wake umepita, mradi picha bado inafanana nawe. Viza ya kielektroniki ya kwenye simu usiitegemee hapo. Asiye na kitambulisho chochote anaomba cheti cha mpiga kura, bure, kabla ya saa kumi na moja jioni siku sita za kazi kabla ya kura. Na kwa kuwa umetaja msikiti: hijabu haina tatizo lolote, na anayevaa nikabu ana haki ya kuonyesha uso faraghani, akiomba karani mwanamke watajitahidi kumpatia.

Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi hadi saa nne usiku. Hakuna wino wa kidoleni. Kuna penseli iliyofungwa kwa kamba, na alama wanayotaka ni X mbele ya mgombea unayemtaka, ambayo kwetu shuleni tumeizoea kuwa alama ya kukosa. Nimeshamsikia mama mmoja akieleza jinsi alivyoweka X kwa wote asiowapenda na vema kwa mmoja anayempenda. Kura yake bila shaka iliharibika. Kwa zamu zenu za kufanya kazi saa kumi na mbili mfululizo, mimi ningekushauri uombe kura ya posta mapema. Mwajiri hana wajibu wa kukuruhusu kutoka.

Ukishaingia daftarini kuna mambo yatakufuata, mengine mazuri. Kampuni zinazopima uaminifu wa mkopo hutazama daftari, na kuwemo humo hurahisisha kupata laini ya simu ya mkataba au mkopo wa gari. Kuna daftari kamili na daftari la wazi; hilo la wazi mtu yeyote anaweza kulinunua, matangazo yakakujia hadi uchoke. Kwenye fomu kuna sehemu ya kujiondoa humo, jiondoe. Unaweza pia kuitwa mahakamani kuwa mjumbe wa juri, lakini hilo linamhusu aliyeishi nchini miaka mitano au zaidi, hivyo wewe bado. Na kama kuna mwanamke anayesoma hapa aliyekimbia mume mpiga ngumi na anaogopa anwani yake kuonekana, upo uandikishaji wa siri ambapo jina halitokei kabisa. Azungumze na halmashauri kabla ya kujaza fomu ya kawaida.

Hukuniuliza kama *inafaa* kupiga kura nyumbani kwa watu, lakini nimeliona limejificha nyuma ya swali. Wapo Watanzania ninaowaheshimu wanaosema wao wapo ughaibuni kubeba boksi na kurudi, siasa za wenyewe wawaachie wenyewe. Siwalaumu. Mimi naona tofauti. Wanaoamua idadi ya wauguzi, masharti ya viza za walezi, na kima cha chini cha mshahara wako, wanachaguliwa kwa kura hizo. Mwaka 2016, kwenye kura ya maoni ya kujitoa Umoja wa Ulaya, Mtanzania mwenye viza ya masomo aliruhusiwa kupiga kura, na Mjerumani aliyeishi Uingereza miaka thelathini hakuruhusiwa. Wajerumani hao wangelipa fedha kuipata karatasi uliyoiweka juu ya friji. Uchaguzi mkuu ujao hauwezi kuvuka Agosti 2029, na kura za madiwani huja kabla, kwa hiyo muda wa kuwaza unao. Wa kujibu barua ndio huna.

Kama kitu hakijaeleweka kuhusu daftari lenyewe, piga simu ofisi ya uchaguzi ya halmashauri. Namba iko juu ya barua, na si kazi yao kukutafutia makosa. Kama utata uko kwenye viza, kwa mfano mwajiri amepoteza leseni au maombi yamekataliwa na una rufaa, mtafute mshauri wa uhamiaji ana kwa ana kabla ya kujaza chochote. Awe wakili, au mtu aliyesajiliwa na mamlaka inayosimamia washauri wa uhamiaji. Kutoa ushauri huo bila usajili ni kosa kisheria, na wapo ndugu zetu wanaoufanya kwa malipo wakiwa hawajui tofauti ya ruhusa na viza.

Na umpigie tena kaka yako, safari hii umwulize wewe. Siku alipochukua leseni ya udereva Ohio, aliulizwa kama anataka kuandikishwa kupiga kura, kwa sababu sheria ya Marekani ya mwaka 1993 inazitaka ofisi za leseni ziulize. Wengi hutia saini karatasi zote wanazosogezewa. Kama naye alitia, hata kama hajawahi kupiga kura, fomu ya kuomba uraia itamwuliza, na jibu lake litabaki kwenye faili. Asijaribu kulifuta mwenyewe kwa simu wala kwa barua. Amwone kwanza wakili wa uhamiaji wa hukohuko, kabla hajagusa fomu ya uraia.